Mkono Niliopitisha Kwenye Pazia

Sekela mwanangu,

Nimekutuma kijijini Suma ukawaage shangazi zako makusudi. Hawakuwa wanakungoja. Nilitaka nyumba iwe tupu niandike, maana ukiwa hapa utanipokonya kalamu useme, "Taata, wewe sema, mimi niandike," halafu utaandika unayoyataka wewe. Hii ni barua yangu. Nimeanza baada ya chai ya saa nne, mvua imepiga bati mara mbili na kuacha, na bado niko ukurasa wa kwanza. Usicheke mwandiko. Niliishia darasa la tatu, lakini darasa la tatu la zamani lilikuwa darasa.

Kwanza nifurahi, halafu ndio tuzungumze. Binti yangu anakwenda Tabora kusomea nyuki! Nimemwambia kila mtu. Nimemwambia mwenye duka, nimemwambia mchungaji, nimemwambia fundi Shomari pale mjini anaposhona, akaacha cherehani akasema, "Mashallah, mzee, asali sasa tutapata." Nikamjibu, "Asali ni kitu gani? Huyu nyuki wenyewe watampigia saluti." Tangu barua ya chuo ifike nalala kidogo nakuwa macho, naamka nimecheka. Hakuna mzee mwingine huku milimani ambaye mtoto wake anasomea nyuki. Nimeuliza. Hakuna.

Lakini jana jioni umesema huendi.

Ulikuwa unapanga vikombe. Ukasema bila kuniangalia, "Mwaka jana niliacha nafasi, mwaka huu naweza kuiacha tena. Nani atakupima presha? Nani atahakikisha umemeza dawa? Siku mbili tu nilikwenda harusini Lupepo, taata, na uliona kilichotokea."

Nikanyamaza. Na wewe unajua kunyamaza sio kazi yangu. Nilinyamaza kwa sababu hiyo harusi ya Lupepo ina jambo usilolijua. Leo nalisema. Ila soma mpaka mwisho kabla hujakasirika, na ukikasirika, kasirika ukiwa ndani ya basi.

Mambo ya sweta, chandarua na kufunga begi vizuri, shangazi zako watakujaza hayo mpaka masikio yaume. Mimi nakuandikia ujinga wangu. Na ujinga wangu, mwanangu, ni mkubwa. Hata huko sikubali mtu anizidi.

Naanza na mizani. Wewe ulizaliwa nimeshaacha shamba kubwa la chai, kwa hiyo hukuniona nikiwa mimi. Jioni tulikuwa tunajipanga na vikapu vyetu, karani anapima, anasoma kilo kwa sauti ili kila mtu asikie. Mwenye kilo nyingi anapita katikati ya watu kama bwana harusi. Mwenye kilo chache anapitia nyuma ya kibanda. Mimi sikuwahi kupitia nyuma ya kibanda. Aliyenizidi ni Asajile peke yake, mara moja tu, na siku hiyo majani yake yalikuwa na maji ya mvua, hata yeye anajua. Miaka ishirini na zaidi nimeishi hivyo. Namba ikiwa kubwa, wewe ni mwanaume. Ikishuka, umezeeka.

Sasa ile Jumapili wahudumu wa afya walipokuja kanisani na mashine ya presha, wakatupanga wazee kwenye foleni chini ya bati la ukumbi, unadhani mimi niliona nini? Niliona mizani.

Asajile alikuwa mbele yangu. Yule dada mhudumu akasoma: mia na ishirini kwa themanini. Nikamwambia, "Asajile, hata hapa unachuma majani mepesi!" Watu wakacheka. Nikakaa mimi. Kitambaa kikavimba mkononi, kikabana, kikaachia. Mia na tisini na mbili kwa mia na kumi.

Nikauliza, "Kuna aliyenizidi?"

"Hakuna, mzee, lakini kaa kwanza."

"Nikae nini, si umesema hakuna?"

"Mzee, umekuja unaongea, umesimama juani, huenda umekunywa na kahawa. Kaa dakika tano, tulia, usiongee, nikupime tena."

Nikamwambia karani hapimi kikapu kimoja mara mbili. Nikaondoka nikiwapungia watu mkono. Sekela, nilipita katikati yao kama bwana harusi. Wiki nzima nilikuwa naitaja ile namba kila penye watu. Kumbe natangaza kifo changu mwenyewe.

Na pale pale, hatua tatu kutoka nilipokaa, alikuwepo mtu aliyejua. Mke wa kaka yako Ipyana. Yeye ndiye nesi wa zahanati yetu, na siku hiyo alikuwa anaandika majina kwenye daftari huku amenipa mgongo. Aliisikia namba. Lakini mimi ndiye mzee niliyesema nyumbani kwangu mila haitavunjwa, mkwe hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, wala hawagusani. Wengine siku hizi wameacha, wanakula hata meza moja na wakwe zao. Mimi nilikataa. Nilijivunia hilo pia. Kwa hiyo yule mtoto wa watu akafanya alichoweza, akakutuma wewe. Ukaja mbio na ujumbe wake: "Taata, wifi anasema hiyo presha ni mbaya, uende hospitali leo leo."

Unakumbuka nilivyokujibu? Nilisema, "Mwambie ana wivu. Alitaka baba yake ndiye aongoze."

Ungemwona siku hiyo kama nilivyomwona mimi kwa pembe ya jicho. Alikuwa ameinama na kalamu imesimama. Haandiki.

Wewe hukunisikiliza, na hapo ndipo ulipofanana na mimi. Ulinisumbua siku tatu mpaka nikaenda hospitali. Yule daktari hakunitisha. Aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani, nikamwambia chai, nikamwambia na kilo zangu. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mzee, umewahi kuona mpira wa maji ukibanwa kwa kidole mdomoni? Maji yanaruka mbali, unafurahi. Lakini ukiubana hivyo mchana na usiku, mpira unapasuka mahali. Mishipa yako ndio huo mpira. Hii namba sio kilo zako, ni jinsi unavyobanwa." Akanipa kidonge kimoja kila asubuhi. Akaniambia nipunguze chumvi. Ipyana naye, safari yake iliyofuata ya lori, akaniletea mashine ndogo ya nyumbani, na mkewe akakufundisha wewe kuitumia, maana yeye asingeweza kunishika mkono.

Nilielewa habari ya mpira. Nilielewa kwa kichwa. Moyo ulibaki kwenye mizani.

Mwezi ukapita, ukanipima, mia na thelathini. Ukapiga makofi, ukacheza pale uani mpaka kuku wakakimbia. Mimi nikaingia ndani nikakaa kitandani. Nimeshuka, nikasema. Mimi, niliyekuwa naongoza, nimeshuka. Hivi vidonge vinanimaliza nguvu. Halafu tena, mbona sina ugonjwa? Kichwa hakiumi, napanda kilima, nakula ndizi sahani mbili. Mtu mzima wa afya anameza dawa za nini?

Sasa lisome hili polepole.

Kuanzia hapo nikaacha kuzimeza. Ulikuwa unanipa kidonge na maji, unasimama kuniangalia. Nami nilikuwa nakiweka shavuni, nakunywa maji, nasema "ahhh" kwa sauti, natoka nje kama naenda kuangalia ng'ombe, natema kwenye shina la ule mgomba wa nyuma ya zizi. Kila asubuhi. Wewe mwenyewe ulisema ule mgomba umezaa vizuri mwaka ule! Nilikaribia kucheka. Na siku za kupimwa, nilikuwa nakwambia mkono unauma, au nimetoka kunywa kahawa, au kesho. Wiki sita nilifanya hivyo.

Wiki sita, Sekela. Halafu ndio ikaja harusi ya Lupepo.

Umenielewa? Ulipokwenda Lupepo dawa nilikuwa nimeshaziacha kitambo, ukiwa humu humu ndani, umesimama mbele yangu na glasi. Usingekwenda harusini ningeanguka vile vile, tena labda mbele ya macho yako. Haikuwa zile siku mbili. Haikuwa wewe. Ilikuwa shavu langu.

Na nilianguka kwa namna gani, hukuisikia kwangu, uliisikia kwa watu. Nilikuwa kituo cha kupimia majani, nimebeba kikapu changu cha ile chai yetu ya nyuma ya nyumba. Nilikuwa namsimulia mtu habari za kilo zangu za zamani. Mkono wa kushoto ukaachia. Hakuna maumivu, hakuna kitu, umeachia tu kama sio wangu. Majani yakamwagika. Nikataka kusema "shika", ikatoka sauti ya ndama. Mmoja akasema mzee ameamkia pombe ya kimpumu. Mwingine akasema hapana, hapa kuna mkono wa mtu, apelekwe kwanza kwa mganga. Mwingine analeta maji ninywe.

Asajile akawasukuma wote. Akaniinamia usoni akasema, "Cheka." Mimi namwangalia. "Baba Ipyana, nimesema cheka!" Nikajaribu. Akageuka akawaambia, "Huyu hajanywa pombe. Mdomo umekwenda upande mmoja. Maji asipewe, yatampalia. Mganga atangoja, hospitali haingoji. Leteni gari!" Wakanipakia kwenye pikapu ya majani ya chai, kichwa changu mapajani kwa Asajile, na njia nzima ananiambia, "Usife, bwana, nitamzidi nani?"

Alijuaje? Ile Jumapili ya presha, yule niliyemcheka kwa namba ndogo alibaki kusikiliza mafundisho. Mimi nilikuwa nimeshaondoka kupokea sifa.

Basi huo ndio mwaka wangu. Mdomo ulirudi, maneno yalirudi, wengine wanasema yamerudi mengi kuliko yaliyoondoka. Mkono umerudi, nimeulazimisha, kila siku nakamua ng'ombe kwa mkono huo mpaka ng'ombe amechoka na mimi. Lakini wewe hukwenda chuoni. Uliiacha nafasi yako ukakaa hapa kunihesabia vidonge, ukiamini umemwangusha baba yako kwa kwenda kucheza harusini. Nilikuona. Nilijua unachokifikiri. Nikanyamaza mwaka mzima.

Niliona aibu, ndiyo. Ila sio aibu tu, na leo sitaki kuandika nusu. Ilikuwa tamu kukaa na wewe. Tangu mama yako afariki nyumba hii ilikuwa na ubaridi hata kiangazi. Ukawa unapika maharage bila chumvi, yana ladha ya mvua, unaniambia "kula taata ni mazuri", na mimi nakula. Nikasema moyoni, ngoja kidogo, nitamwambia mwezi ujao. Dawa niliitema wiki sita, lakini hili nimelishikilia shavuni mwaka mzima. Kati ya yote mawili, la pili ndilo baya.

Sasa sikiliza ya leo, maana leo nimefanya jambo kubwa na sina mtu wa kumringia ila wewe.

Ulipopanda bodaboda asubuhi, nilivaa koti, nikaenda zahanati. Sijanywa chai, sijanywa kahawa. Nimekuta watu wamejaa kwenye benchi na Asajile yupo, yeye siku hizi ana kisukari. Akaniambia, "Umepotea, Baba Ipyana? Huku anakaa mkwe wako."

"Najua anapokaa."

Yeye mkwe aliniona kwa dirisha. Kwa mazoea akajificha nyuma ya pazia la chumba cha kupimia. Nikasimama upande huu. Nikasema, "Asajile, mwambie nesi kuna mzee amekuja kupimwa presha."

"Nesi, kuna mzee hapa. Anasema ni mzee."

Ikaja sauti ndogo nyuma ya pazia, "Muulize kama amekunywa chai."

"Umekunywa chai?"

"Mwambie bado."

"Anasema bado."

"Mwambie akae, aegemee, miguu isipishane. Atulie dakika tano, asiongee."

Asajile akapiga paja. "Asiongee? Nesi, huyu unamfahamu kweli?"

Benchi zima likaangua kicheko. Lakini nilikaa, Sekela. Dakika tano. Nimeangalia ukuta. Sikusema neno, na wapo mashahidi. Halafu nikapitisha mkono kwenye pazia.

Haukushikwa mara moja. Ulikaa upande ule peke yake, nikaona haya, nikataka kuurudisha. Halafu nikasikia vidole. Vya baridi. Akaulaza mkono wangu mezani, akaupandisha kidogo usawa wa moyo, akafunga kitambaa. Mashine ikalia. Na hapo akasema, sio kwa Asajile, akasema kwangu mimi:

"Mia na thelathini na mbili kwa themanini, baba. Ni nzuri."

Miaka saba ameolewa na kaka yako. Amenichotea maji, amenilimia, amemzika mama yako pamoja na sisi. Leo ndio mara ya kwanza nimesikia sauti yake ikiniita. Ana sauti nzuri. Sikuwa najua.

Nikamjibu, "Ndaga fijo, mwanangu." Nikashukuru kwa lugha ya nyumbani kwa sababu Kiswahili kilikuwa kimeniishia. Halafu nikamwambia Asajile kwa sauti ili benchi lisikie, "Umesikia? Nimeshuka!" Na niliposema hivyo, kwa mara ya kwanza, nilikuwa najisifu.

Tumepatana. Kila Jumatatu nitapitisha mkono kwenye lile pazia, na kama siku moja pazia litakuwa limefunguliwa, hata hilo sitapiga kelele. Usimwambie Ipyana kwamba nimesema hivyo. Na kidonge cha kila siku kimepata askari. Asajile atakuwa anapita hapa saa moja asubuhi, yeye na dawa yake ya sukari, mimi na yangu, tunameza pamoja kibarazani. Nimemwambia habari ya shavu. Alicheka mpaka akakohoa, halafu akaacha kucheka, akasema, "Nitakuchungulia mpaka chini ya ulimi." Nami nitamchungulia yeye. Tutaona nani atamkamata mwenzake. Hiyo, mwanangu, ni mashindano, na mashindano unajua mimi sikosi.

Wewe nina neno moja la kukupa, kwa kuwa nimelinunua ghali. Mwili kunyamaza sio mwili kuwa mzima. Presha haikunipigia hodi. Kwa hiyo usingoje kuumwa ndio upimwe, na ukiambiwa habari ya mwili wako usiulize kwanza kama ni sifa au aibu. Uliza nifanye nini. Huko Tabora kuna joto na mbu kuliko huku kwetu. Homa ikikushika, usijifanye jasiri wa Rungwe, wala usinunue vidonge dukani kwa kukisia. Kapime damu siku hiyo hiyo, wakikupa dawa zimalize zote, hata kama siku ya pili umejisikia kucheza. Aliyekwambia hivi ni mtu aliyenywesha mgomba dawa ya presha.

Nimeandika mpaka kidole kimepinda, na nasikia bodaboda inapanda kilima, huenda ni wewe. Nitaiweka barua hii chini ya sahani yako. Ukishaisoma, una haki ya kukasirika na kununa. Nuna. Ila begi lisifunguliwe.

Kesho asubuhi tutateremka stendi pamoja, na begi lako lile zito nitalibeba mimi, kwa mkono wa kushoto, ule ulioachia kikapu. Nimelijaribu leo mara mbili kutoka kitandani kwako mpaka mlangoni. Usinipokee. Tembea mbele, nami nitakuwa nyuma yako nalibeba, na watu wa njia nzima wataona.

Baba yako, aliyeshuka na anafurahi.